Mizani ya Zafirka Haina Tano

"Ng'ombe aliyezaa jana atatoaje maziwa sifuri? Hebu niambie! Kwani amezaa jiwe?"

Huyo alikuwa wifi yangu Zafirka, mwenye miaka hamsini na saba, amesimama mstari wa tatu katika ukumbi namba nane, siku yake ya pili tu chuoni, anamfokea mhadhiri ambaye angeweza kuwa mwanawe. Nilisikia kila neno. Kaunta ya kantini yangu inatazamana na mlango wa ukumbi ule, na mlango huwa wazi majira yote ya baridi, maana mabomba ya joto ya kitivo chetu hayajui katikati: ama yanakuchemsha au yanakugandisha.

"Shangazi, tafadhali kaa," mhadhiri alisema. Jina lake Dokta Tenchev, kijana mrefu mwenye sweta lililofumuka kiwiko. "Sisi hapa hatubishani na data. Data inasema hivyo."

"Data haisemi kitu, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema, data imenikariri tu."

Nikaacha kusaga kahawa.

Kabla sijaendelea niseme alifikaje pale. Zafirka Usheva ni dada wa mume wangu Manol, na kazi yake ni kupima maziwa. Kituo cha mifugo kimemwajiri miaka thelathini na tatu kuzunguka vijiji vya milimani, kila kijiji mara moja kwa mwezi, anapima ng'ombe mmoja mmoja ametoa kilo ngapi, anaandika. Kiangazi kile kituo kikaandika barua: kila mtunza kumbukumbu awe amefaulu kozi ya chuo kikuu ya Takwimu za Juu na Uchanganuzi wa Data ifikapo mwezi wa pili, la sivyo meza yake atapewa mwenye cheti. Zafirka alibakiza miaka mitatu apate pensheni. Hana mume wala mtoto, ana nyumba yenye paa linalovuja upande wa jikoni. Aliisoma barua ile, akaikunja mara nne, akanipigia simu: "Wifi, una godoro la ziada?"

Basi kila Jumanne alikuwa anashuka na basi la saa kumi na moja alfajiri, na Alhamisi jioni anapanda kurudi kwa ng'ombe wake. Na darasani, kati ya vijana thelathini wenye kompyuta nyembamba kama sinia, alikaa yeye na daftari la mistari na kalamu mbili, moja ikiisha wino.

Turudi ukumbini. Dokta Tenchev alikuwa amewapa wanafunzi data ya kufanyia mazoezi, vipimo elfu thelathini na moja vya maziwa ya ng'ombe wa milimani, vilivyonakiliwa kutoka madaftari ya zamani. Vijana wakachora grafu. Grafu ikaonyesha kwamba ng'ombe akishazaa tu, maziwa yanaanguka hadi sifuri, wiki mbili hivi, halafu yanaruka juu ghafla. Kijana mmoja mwenye ndevu chache akasimama akaeleza sababu: upungufu wa madini mwilini. Alieleza vizuri sana, na wenzake wakaandika. Hapo ndipo Zafirka alipolipuka.

"Umejuaje kwamba si kweli?" Dokta akamuuliza.

"Rudisha ile picha ya daftari uliyotuonyesha mwanzo. Hiyo. Unaiona hiyo saba yenye mkia? Ni saba yangu. Hilo doa ni supu yangu ya maharage."

Vijana wote wakageuka kumtazama.

"Kule kwetu," akaendelea, "ng'ombe akizaa, maziwa hayavuki kizingiti wiki mbili. Mgeni hayaoni, wala hayapimi, wala hayasifii. Wanaogopa kijicho. Ningemwambia Baba Stoyna nataka kupima maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, angenivika ndoo kichwani. Na fomu ya kituo haikubali kisanduku kitupu. Ukikiacha kitupu, mkaguzi anairudisha na wewe unarudi mlimani kwa miguu. Sasa mimi ningeandika nini? Nikaandika sifuri. Wote tuliandika sifuri."

Baba, niwaambie, kwetu ni bibi, si mwanaume. Na huyo Baba Stoyna nilimjua. Ndoo angemvika kweli.

Dokta Tenchev akakaa juu ya meza yake. "Nimefundisha data hii miaka minne," akasema polepole.

"Na miaka minne umefundisha uongo. Usijali, hujaua mtu."

Vijana wakacheka, naye akacheka, kijana wa ndevu chache akafuta alichoandika. Mapumziko yalipofika Dokta akaja kaunta, akaagiza kahawa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule mama ni nani?"

"Wifi yangu," nikamjibu. "Pole."

*

Mwanamke huyu kumpenda ni kazi, naifanya mwaka wa ishirini na nne sasa. Ni mfupi, mpana, anavaa koti moja lenye mifuko saba, na katika kila mfuko kuna kitu kinachotoboa. Huingia nyumba ya mtu na kufunua sufuria kabla ya kusalimia. Atakuambia umenenepa, halafu atakuambia mkate wako umeungua, halafu atakula nusu yake. Lakini ukiamka usiku una homa, utamkuta ameshakaa pembeni ya kitanda na kitambaa cha siki, na hujui aliingia saa ngapi.

Hesabu hakuogopa. Alichoogopa ni kompyuta. Aliigusa kwa kidole kimoja, kama anayejaribu pasi kama imepata moto. Bahati yake akampata Neda, msichana wa mwaka wa nne, mwembamba, mwenye miwani, ambaye ndiye pekee darasani aliyemzidi Zafirka kwa ubishi. Wakawa wanakaa wote meza ya kona katika kantini yangu. Neda anamfundisha kubonyeza, Zafirka anamlisha.

"Shangazi, usibonyeze mara tatu. Mara mbili."

"Ya tatu ni ya kuhakikisha."

"Hiyo ya tatu ndiyo imefuta kila kitu."

"Basi mashine yako haina subira. Kula, mtoto, mabega yako kama kiango cha koti."

Nyumbani alisomea jikoni kwangu huku akimenya pilipili hoho za kuchoma. Mimi shule yangu iliishia darasa la nane, na sikuwahi kuona haya kwa hilo, lakini muhula ule nilielewa mambo ambayo nadhani hata kijana wa ndevu hakuyaelewa. Kwa mfano mkengeuko sanifu. Nikamuuliza ni mnyama gani huyo.

"Chukua nyumba hii," Zafirka akasema. "Kaka yangu Manol hakasiriki kabisa. Wewe unakasirika kutwa. Mtu akija akapiga wastani atasema: hii nyumba ya watu wapole kiasi. Atakuwa amesema kweli na hajasema kitu. Mkengeuko ndio unaomwambia, ukiingia chungulia kwanza nani yuko jikoni."

"Na wewe uko wapi katika hesabu hiyo?"

"Mimi mgeni. Mgeni hahesabiwi."

Kwa jinsi alivyokuwa anamaliza achari yangu, nilitaka kumhesabu.

Jina lake likaenea kitivoni. Wanafunzi wa madarasa mengine walikuja kantini kumwangalia yule shangazi aliyeandika data. Alijua kwa nini kijiji fulani kila mwezi wa nane kilishuka: watu wote walikuwa kwenye tumbaku, ng'ombe wanakamuliwa na watoto. Alijua kwa nini ng'ombe mmoja alitoa kilo arobaini kwa siku moja: mwenye ng'ombe alikuwa anaposa, akataka wakwe wasikie. Hiyo aliandika kilo arobaini kweli na pembeni akachora uso unaocheka, lakini aliyenakili hakujua kunakili uso.

Katikati ya muhula Dokta Tenchev akaamua. Wenzake wote wangefanya mtihani wa maswali. Zafirka angesafisha data yote na kuieleza mbele ya darasa, kila kitu cha ajabu na sababu yake. Akifaulu hiyo, amefaulu kozi. Kwetu alama zinaanzia mbili, ambayo ni kuanguka, hadi sita, ambayo ni kilele.

"Sita yako iko mfukoni, Shangazi," Dokta alisema akiwa amesimama kaunta. "Madaftari yako ni mazuri kuliko ya vituo vyote."

"Ndani ya madaftari yangu kuna sifuri za kijicho na kilo za posa," Zafirka akajibu, amevimba kama mkate kwenye joto, "lakini uongo wangu mimi hakuna."

Nilikuwa nampimia sukari. Nilimwona akishasema hivyo akaangalia dirishani.

*

Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi, Neda akaja mbio na kompyuta imefunguka mikononi, hata skafu hajavua.

"Shangazi, tazama. Nimechora grafu ya nguzo ya tarakimu za mwisho za madaftari yako. Zile zinazokuja baada ya nukta. Angalia!"

Nami nikaenda kuangalia, nikijifanya nafuta meza. Zilikuwa nguzo tano ndefu, na katikati yake mapengo, kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Sifuri, mbili, nne, sita, nane. Moja, tatu, tano, saba na tisa hazikuonekana.

Zafirka akacheka. "Ni mizani yangu. Ile ya kuning'iniza. Alama zake zinaruka mbili mbili. Ni nne au sita, hakuna tano. Nilimwambia mkurugenzi wa kwanza aninunulie nyingine, akaniambia ng'ombe hasomi."

"Hivyo ndivyo nilivyodhani!" Neda akasema, macho yanang'aa. "Kwa hiyo data yote ni safi kabisa. Isipokuwa karatasi moja." Akabonyeza. "Borikovets, Februari elfu moja mia tisa tisini na nane. Ng'ombe ishirini na sita. Saba, tatu, tisa, saba, moja, tatu... Karibu zote ni witiri. Labda siku hiyo ulitumia mizani nyingine?"

Nyuma ya kaunta mashine ya kahawa ilikuwa inakoroma.

"Labda," Zafirka akasema.

Akafunga ile kompyuta kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayefunika sahani. Akavaa koti lake la mifuko saba akaondoka. Mezani akaacha banitsa nzima, ule mkate wetu wa matabaka, ya jibini, ya moto, haijaumwa hata pembeni. Miaka ishirini na nne sijawahi kuona Zafirka akiacha banitsa.

Jioni nilimkuta jikoni kwangu, taa haijawashwa, pilipili hazijamenywa.

"Haya," nikasema. "Nani kafa?"

"Hakuna. Nitaifuta ile karatasi."

"Futa basi. Nani atakumbuka?"

"Neda ameiona."

"Neda ana miaka ishirini na miwili. Kesho ataona kijana mzuri atasahau."

"Wifi, wewe unauza kahawa, hujui. Mtu akitunga namba kichwani anakimbilia saba na tatu, kwa sababu zinaonekana kama za kweli. Wamenifundisha hilo hapa hapa, wiki ya tano. Nilikaa pale nikaandika kwenye daftari, 'watu wanaotunga hupenda witiri', mkono wangu mwenyewe, na moyo unanidunda kama nimeiba. Sikupanda Borikovets mwezi ule. Niliitunga karatasi nzima jikoni kwangu."

Nikavuta kiti. "Ndiyo maana Mzee Salih..."

"Ndiyo maana."

Mzee Salih ni wa Borikovets. Kila tulipokwenda huko kiangazi, akimwona Zafirka humsalimia hivi hivi: "Theluji imeyeyuka, Zafirka?" Hata kama ni Julai na mbu wanatula. Mimi nilidhani ni utani wa wazee. Zafirka hugeuka mwekundu na kuanza kusema habari za majani.

Jioni ile akanieleza. Alikuwa amemwambia Mzee Salih kwamba theluji ilimzuia. Lakini siku hiyo hiyo gari la mkate lilipanda Borikovets bila shida, na kijiji kizima kilisimama kununua mkate. Na zaidi ya hapo, enzi zile ushirika ulikuwa unatoa kengele ya shaba kwenye gulio la Mei kwa ng'ombe aliyeongoza kipimo cha Februari. Ng'ombe wa Salih, Karamfilka, Januari alitoa kilo kumi na tano nukta mbili. Zafirka alipotunga, akamwandikia kumi na nne nukta tatu, asionekane anampendelea. Kengele ikaenda kijiji kingine kwa ng'ombe wa kumi na nne nukta sita.

"Kwa nukta tatu za kilo," akasema. "Na mzee hakunishtaki. Angesema neno moja kituoni, nisingekuwa na kazi. Hakusema. Ananiuliza tu habari za theluji."

"Na ukisema mwenyewe sasa?"

"Kutunga kipimo ni kufukuzwa. Imeandikwa kwenye mkataba. Hata cheti hakitanisaidia."

"Basi nyamaza, mpumbavu wewe! Imebaki miaka mitatu!"

"Ndivyo ninavyojiambia."

"Na ulikuwa wapi siku hiyo, kama si theluji?"

"Sikupanda, basi. Washa taa tumenye pilipili, unataka tujikate vidole?"

*

Mimi si mtu wa kuachia jambo. Asubuhi nikamwita Neda kaunta, nikampa chai ya bure, nikamwambia anionyeshe ile karatasi. Akaonyesha picha yake. Saba zenye mikia zilikuwa pale, nyingi kweli. Na juu kabisa, kwa mwandiko wa wifi yangu, tarehe: 17 Februari.

Nikakaa juu ya kreti la chupa.

Tarehe kumi na saba Februari mwaka ule ndiyo aliyozaliwa binti yangu Rosina. Tulikuwa bado tunaishi kijijini. Manol alikuwa Ugiriki na lori la machungwa. Zafirka alipita asubuhi kwangu, mizani begani, kuniuliza kama nataka kitu kutoka mlimani, akanikuta chini sakafuni jikoni. Aliniweka kwenye tela la trekta la jirani, juu ya magunia, akanifunika koti lake, kilomita kumi na moja hadi hospitali. Kwa saa kumi na nne alinishika mkono. Nilimng'ata, alama anayo hadi leo chini ya kidole gumba, na kila mtu akimuuliza husema ni ndama. Kesho yake akaniambia, "Sasa naenda mlimani," akatoka. Miaka ishirini na moja nimeamini alikwenda.

Alipotoka darasani nilikuwa namsubiri na taulo mkononi.

"Kwa nini hukusema?"

Alijua mara moja ninasema nini. "Niseme nini? Nilitoka hospitali siwezi hata kusimama, na karatasi ilitakiwa asubuhi. Niende kituoni niseme nilikuwa na ng'ombe ishirini na sita wa kupima nikamchagua mmoja?"

"Umeniita ng'ombe?"

"Ulinguruma kuliko wote."

Nilimpiga na lile taulo. Halafu nikalia, nikampiga tena. Wanafunzi walikuwa kwenye foleni ya kahawa; wakasubiri.

"Mwambie Dokta sababu," nikamwomba nilipopata pumzi. "Ukisema sababu, nani atakufukuza?"

Akachukua banitsa mbili, safari hii akala zote.

*

Siku ya mtihani nilifunga kaunta, nikaandika kwenye karatasi "narudi", nikasimama mlangoni pa ukumbi namba nane. Zafirka alivaa blauzi aliyovaa kwenye mazishi ya mama yake. Kidole kimoja kwenye kompyuta, Neda pembeni tayari kumwokoa.

Alieleza vizuri. Sifuri za kijicho, zikatolewa, na grafu ikanyooka kama inavyotakiwa. Kilo arobaini za mchumba. Mwezi wa tumbaku. Akaeleza mizani isiyo na tano, na Dokta Tenchev akapiga meza kwa furaha. Nikadhani atamalizia hapo. Nikaomba amalizie hapo.

"Na karatasi hii," akasema, "ya Borikovets, Februari, ni ya uongo. Sikwenda. Niliitunga mimi. Neda ameigundua kwa tarakimu za mwisho, na ameigundua sawasawa."

Dokta Tenchev akavua miwani.

"Kulikuwa na sababu, Shangazi?"

Mimi mlangoni nilishafungua mdomo. Akanitupia jicho, nikaufunga.

"Ilikuwapo. Sababu haibadilishi namba."

"Basi tufanye nini na karatasi hii? Wenzako wangeifuta."

"Isifutwe. Ukiifuta, mtu wa kesho atadhani Borikovets hakikuwapo. Andika: haikupimwa. Acha visanduku vitupu. Tangu mwanzo vingekuwa vitupu, na sifuri zangu pia zingekuwa vitupu, na wewe usingepoteza miaka minne. Kisanduku kitupu nacho ni jibu, ila hakuna aliyeturuhusu kukijibu."

Dokta akachezea kalamu. Kisha akachukua kitabu cha alama cha Zafirka, akaandika, akampa. Tano.

"Kazi ni ya sita," akasema. "Moja nimeiacha Borikovets."

"Umefanya vizuri, Mwalimu," wifi yangu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwalimu. Kabla ya hapo alikuwa "mwanangu" au "kijana" au "wewe wa sweta", na lile sweta, nisisahau, alikuwa ameshamshonea kiwiko mwezi wa kumi na moja.

Jumatatu yake alikwenda kituoni na cheti mkono mmoja na ile karatasi mkono mwingine, akaviweka vyote mbele ya mkurugenzi. Mkurugenzi ni mwanamke mkavu, hacheki hata akitekenywa. Akavisoma vyote viwili. Akauliza: ng'ombe wangapi wa karatasi hii bado wako hai? Hakuna, Zafirka akasema, walishakuwa soseji zamani. Mkurugenzi akamwandikia onyo la maandishi, la kwanza katika miaka thelathini na tatu, akamwambia akaanze kuwafundisha wale wapya, na awafundishe kuacha visanduku vitupu. Zafirka ameweka lile onyo na cheti katika faili moja. Ukimwomba kuona cheti, lazima uone na onyo.

*

Mwezi wa nne barabara za mlimani zilipokauka, akatuambia tumpeleke Borikovets. Rosina ndiye aliyeendesha, Zafirka mbele, mimi nyuma nimebana kengele ya shaba katikati ya magoti, kubwa kama kichwa cha mtoto. Alikwenda kuiagiza kwa mfua kengele, akagonga kengele ishirini kabla ya kuchagua, mpaka mke wa fundi akafunga dirisha.

Mzee Salih ana miaka themanini na minne. Ng'ombe hana tena, ana mbuzi wanne. Tulimkuta anatengeneza lango kwa waya.

"Theluji imeyeyuka, Zafirka?" akasema, hata hajainua kichwa.

"Haikuwapo, Mzee Salih. Gari la mkate lilipanda. Mimi ndiye sikupanda." Akamvuta Rosina kwa mkono wa shati akamsimamisha mbele. "Theluji yenyewe ndiyo hii. Imevaa suruali iliyochanika magoti na inadhani ni fasheni."

Mzee akamtazama Rosina juu mpaka chini. Akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa kushoto na kulia kwamba ndiyo, maana kwetu ndiyo husemwa hivyo. Akashusha koleo lake.

"Siku hiyo?" akauliza.

"Siku hiyo," Zafirka akasema. "Na kengele yako hii hapa. Imechelewa."

Akaipokea, akaigonga kwa kucha, akasikiliza mpaka sauti ikaisha kabisa. "Nzuri. Nimvike nani? Itamvunja mbuzi shingo." Akairudisha mikononi mwangu. "Na mimi sikudai kengele, binti. Nilimlisha Karamfilka mahindi ya kuchemsha wiki nzima. Nilimpiga brashi. Nilikaa naye bandani toka alfajiri mpaka saa nne, simkamui, nasubiri mizani. Kiwele kinamuuma, analia, na mimi namwambia ngoja, Zafirka anakuja. Nadai kupimiwa."

Wifi yangu akageuka. Akaenda kwenye gari, akafungua buti, akatoa mizani yake, ile ile, na fomu, na kalamu. Mzee akaleta mbuzi mweupe na ndoo, akamkamua polepole, hata tone la mwisho. Zafirka akatundika ndoo tupu iliyofanana na ile kwanza, akasawazisha, kisha akatundika ndoo yenye maziwa. Tukainama wote wanne. Mshale ukayumba, ukasimama baada ya kilo moja, katikati ya alama mbili.

"Nukta tano," Mzee Salih akasema.

"Mizani yangu haina tano."

"Mimi naiona tano."

"Mzee, ni nne au ni sita. Sema wewe."

Akafikiri, anakuna kidevu. Yule mbuzi alikuwa ameanza kula ukosi wa koti la Zafirka.

"Nne," akasema. "Mbuzi wangu hataki kuhurumiwa."

Zafirka akaandika moja nukta nne, akaandika tarehe, akamgeuzia fomu. Mzee Salih akaweka sahihi yake chini, herufi moja moja, akamrudishia kalamu.

"Tumemalizana," akasema. "Kengele itundikeni hapa langoni."